Ncha ya Waya Mdomoni

Tulikwenda kuchukua mtambo tu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, mimi na mdogo wangu tumebanana ndani ya pikapu ya kuazima, tunagombana kwa sababu alikuwa amesahau mablanketi ya kuufungia.

"Utakwaruzika wote," nilimwambia. "Hicho kichwa chako kazi yake kufuga nywele tu."

"Dada, wewe ukikosa mtu wa kugombana naye utagombana na kioo."

Huyo ndiye Mluzi. Jina tulimpa utotoni, kwa sababu alikuwa anapiga mluzi hata na chakula mdomoni. Yeye anapiga kinanda kwenye bendi, mimi ni fundi wa hivyo vinanda. Mama alipofariki alituacha wawili, mimi msichana mkubwa, yeye bado analia akinyimwa sukari. Nilimlea mimi. Kwa hiyo nikisema mdogo wangu, elewa kwamba na mwanangu yumo humo humo.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa marehemu mjomba. Wenzake wakistaafu wanafuga kuku, yeye alifuga sintesaiza za zamani, zile zinazotengeneza sauti kwa umeme mtupu bila kompyuta ndani. Huu ndio alioupenda kuliko yote. Kabati refu lililojaa vipande vya chuma, kila kipande kina matundu yake na vitufe vyake vya kuzungusha. Kipande kimoja kinazaa sauti, kingine kinaichuja, kingine kinapiga mapigo. Lakini peke yake hausemi kitu. Lazima uchukue waya uunganishe tundu hili na lile, ndipo sauti ipate pa kupita. Ukichomoa waya, unanyamaza. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Mjomba alikutwa amekufa mbele ya mtambo huu. Tuliambiwa moyo ulisimama, tukazika, tukalia, basi. Kisha mkewe akapiga simu. Mkazamjomba wetu si mtu wa maneno mengi, na siku hiyo maneno yalikuwa machache zaidi. "Njooni muuchukue. Mjomba wenu alisema ni wa Mluzi. Njooni leo, kabla ya giza."

Alitufungulia mlango amevaa mikono mirefu, na joto lile! Mkono wake wa kushoto haukunyooka kwenye kiwiko. Msibani alituambia alianguka bafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Uko chumba cha nyuma. Uzimeni nyie wenyewe. Mimi siwezi."

"Kwani unawaka?" niliuliza.

"Tangu siku ile."

Nikadhani ni majonzi. Kuna wajane wanaolala na shati la marehemu, wengine wanaacha viatu vyake mlangoni. Huyu ameacha mtambo unawaka, nikasema, kila mtu na namna yake ya kulia. Alitufuata mpaka mlangoni mwa chumba. Pale akasimama. Hakuingiza hata kidole cha mguu.

Ndani mapazia yalikuwa yamefungwa. Palinuka vumbi linaloungua, harufu ninayoijua vizuri, ya mitambo ya zamani iliyopata moto. Lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine... Harufu ya mdomo wa mtu aliyelala mchana kutwa.

Na sauti.

Mmmmmmm...

Nzito, ya chini, moja tu, haipandi wala haishuki. Kwenye kipande cha mapigo, taa ndogo nyekundu ilikuwa imezimika. Ukutani, usawa wa kifua, plasta ilikuwa imebomoka mashimo mashimo, yana madoa ya kahawia. Nilifikiri mjomba aling'oa rafu.

"Zima, tupakie," nilimwambia Mluzi.

"Subiri kwanza, Dada. Hebu sikia hiyo! Mjomba aliipataje? Tuchomoe waya moja moja tujue inatokea wapi."

"Utachezea nyumbani."

"Aa! Fundi mzima, unaogopa kinanda?"

Aliniweza hapo. Mimi ukiniita mwoga umenimaliza. Nikakunja mikono, nikamwacha afanye.

Akachomoa waya ya kwanza, akaivaa shingoni. Sauti haikubadilika. Akachomoa nyingine. Na nyingine. Waya zikamjaa shingoni kama bibi aliyekwenda harusini na shanga zake zote. Sauti ni ile ile.

Kazi hii ndiyo imenilisha tangu ujana, naijua. Kipande cha kuzaa sauti kilikuwa hakina waya hata moja. Cha kuchuja, hakina. Imebaki waya moja tu, inatoka kwenye tundu la pembeni lisiloandikwa kitu na kuingia kwenye spika. Hapo sauti inazaliwa wapi?

"Mluzi, acha."

"Imebaki moja, Dada."

Wapigaji wa mitambo hii wana tabia moja mbaya. Mikono ikijaa, ncha ya waya wanaibana kwa meno. Nimewagombeza sana, na mimi mwenyewe nafanya. Basi Mluzi akaichomoa ile ncha kwenye spika. Mkono wake mwingine ulikuwa unazuia zile waya za shingoni zisianguke. Akaiweka ncha mdomoni.

Upande wa pili ulikuwa bado umechomekwa kwenye mtambo.

Spika ikanyamaza.

Chumba kizima kikanyamaza.

Kisha sauti ikaendelea... mdomoni mwa mdogo wangu.

Mmmmmmm...

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, maana Mluzi na utani ni kitu kimoja. "Acha upuuzi wako," nikampiga kofi la bega. Bega lilikuwa gumu kama meza. Nikamtazama usoni. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na ndani ya macho yale alikuwemo yeye, ananiomba kitu. Mtu akiimba lazima avute pumzi. Yeye hakuvuta. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

Nikang'oa waya kwenye mtambo. Sauti haikukatika. Nikaing'oa mdomoni mwake kwa nguvu, ikatoka na kipande cha jino.

Ile taa nyekundu ikawaka.

Ngumi yake ikaupiga ukuta.

Taa ikazimika. Ikawaka.

Du!

Ikazimika. Ikawaka.

Du!

Yale mashimo ukutani, nikaelewa. Mluzi alipiga humo humo. Plasta ikamwagika, ngozi ya vidole ikafumuka, damu ikaruka mpaka kwenye pazia. Nikasikia mfupa ukisema ka! Jamani, nimesikia vitu vingi vikivunjika maishani mwangu. Mfupa wa mtoto niliyemwogesha mwenyewe, hapana.

Nikamrukia mkono nikaukumbatia. Taa ikawaka, nikarushwa hadi kwenye kabati. Nikarudi. Pigo lililofuata likatua mdomoni mwangu, meno ya mbele yakaingia ndani, nikameza mojawapo. Lililofuata likatua kwenye bega, nikasikia bega likihama mahali pake. Hakuwa na hasira hata chembe. Analia huku ananipiga. Taa ikiwaka ngumi inakuja, taa ikizimika inarudi nyuma kujiandaa. Na muda wote ule, mmmmmmm... bila pumzi.

Nikatambaa kwenye damu yetu sote. Nikaifikia swichi.

"Usizime!"

Mkazamjomba, kule mlangoni. Alipiga ukelele ambao sikujua mwili ule mdogo unao.

Nilikuwa nimeshazima.

Mluzi akaanguka alivyo, hakuweka hata mkono kujikinga. Kichwa kiligonga sakafu. Nikaweka sikio kifuani. Kimya. Nikamkandamiza kifua kwa mkono mmoja uliobaki mzima, namwita, namtukana, namwambia amka mjinga wewe, amka. Kimya.

Mkazamjomba akaingia mbio, akapiga magoti kwenye damu.

"Washa," alininong'oneza. Ukelele ulikuwa umemwishia. "Washa, mwanangu... Upesi. Mimi nilichelewa."

Nikawasha.

Mmmmmmm...

Macho yakafunguka. Taa ikawaka, na ngumi ile iliyopasuka ikampata mkazamjomba shavuni, akalala chali. Hapo ufundi ukanirudia. Ikiwa mtambo unampiga, basi mtambo una mwendo. Kwenye kipande cha mapigo kuna kitufe cha mwendo. Nikakishika, nikakizungusha kurudi nyuma polepole.

Taa ikaanza kuchelewa.

Ngumi ikaanza kuchelewa.

Nikarudisha tena. Mkono ukainuka, ukasita hewani, ukashuka taratibu juu ya paja lake. Ile sauti ikashuka naye mpaka ikawa karibu haisikiki, na katikati yake, kwa mara ya kwanza, Mluzi akavuta pumzi.

"Dada," alisema. "Mkono wangu."

Nilimfunga mkono kwa kitambaa cha kichwa. Kwa mkono mmoja fundo lilinishinda, akanisaidia mkazamjomba. Tukakaa sakafuni wote watatu, damu tupu, hakuna wa kumcheka mwenzake.

"Mjomba naye aliuma waya?" niliuliza.

Akatikisa kichwa kukubali. "Siku za mwanzo alikuwa anapiga ukuta. Baadaye akawa ananipiga mimi. Alikuwa ananiomba msamaha huku ananipiga, mwanangu. Aliponivunja mkono huu nikazima. Nilitaka apumzike kidogo tu, na mimi nipumzike kidogo tu." Akafuta shavu kwa mkono ule usionyooka. "Nilipowasha tena hakuamka. Lakini sauti ilikuwa inatoka kwenye spika. Nikasema ni yeye. Ningezimaje mara ya pili?"

"Na ni yeye?"

"Sijui." Akanisogelea sikioni, kama vile kuna mwingine mle chumbani wa kusikia. "Mwenye nao wa kwanza alikuwa amekufa. Aliyetuuzia ni mkewe. Alikuwa na jicho moja. Alitusaidia kupakia, akafunga mlango, hata kwaheri hakutuaga. Sikumuuliza lile jingine lilikwenda wapi."

"Ukatuita sisi," nilimwambia. "Watoto wa wifi yako."

"Nilitaka nyie mzime. Nilidhani ukitoka umezimwa, yamekwisha. Wallahi sikujua ataweka waya mdomoni."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, na bega lile lile lililohama nilitaka kumpiga. Halafu nikautazama mkono wake, nikaacha.

Mtambo haukuhama. Tuko nyumba ile ile, aliyehama ni mkazamjomba. Nimeunga betri kubwa kwenye mtambo ili umeme ukikatika usiondoke na mtu. Chumba cha nyuma nimekigeuza cha kulala, kitanda chake huku, changu kule. Daktari aliunga vidole vya Mluzi kwa vyuma, akatuuliza ni ajali gani, nikamwambia ni mashine. Sikusema uongo. Safari hiyo ya hospitali nilibeba mtambo nyuma ya pikapu ukiwaka, umefungwa blanketi, huku nikiomba Mungu betri isituangushe.

Kuna siku anakuwa mzima kabisa. Anakula, ananitania kuhusu meno yangu ya bandia, anasema nikicheka naonekana tajiri. Siku hizo nasahau. Tatizo ni mchana wa jua kali. Fundi yeyote atakwambia, mitambo hii ya zamani haikai mahali ulipoiweka. Ikipata joto inapanda yenyewe. Sauti inapanda, mwendo unapanda. Ndiyo maana mpigaji anasimama nayo, anairudisha kidogo, anairudisha kidogo. Basi nami nasimama nayo. Nimeweka feni, nimeweka ndoo za maji, madirisha wazi. Narudisha kitufe kidogo. Kidogo tena.

Mkazamjomba ananipigia simu kila Ijumaa. Haniulizi habari. Ananong'ona neno moja tu, "Zima," kisha analia, kisha anakata.

Leo joto limeamka kabla yetu. Kitufe cha mwendo nimekirudisha, nikakirudisha, mpaka kikagoma. Kimefika mwisho. Nyuma hakuna tena. Na taa bado inaongeza kasi. Harufu ile ya mdomo imejaa chumba kizima.

"Dada," Mluzi ameniita sasa hivi, meno yameumana, mkono umeshaanza kuruka ruka juu ya shuka. "Zima. Nakuomba."

"Nyamaza."

"Nitakuua."

"Nimesema nyamaza. Mimi ndiye mkubwa hapa."

Namwogopa. Nampenda na namwogopa, na sioni aibu kusema vyote viwili. Daktari alisema vile vidole vikigonga ukuta mara nyingine havitaungika, atakatwa mkono, na mpiga kinanda bila mkono ni nani? Nimesogeza kitanda changu. Nimekaa katikati, mgongo wangu ukutani, uso kwake. Nimetoa meno ya bandia nikayaweka kwenye kikombe.

Ukuta ni mgumu. Mimi nina nyama.

Taa imewaka.