Nilimsahihishia Daktari wa Uongo

“Madeleine, ukifungua kinywa humo ndani, mtoto wako hataiona Canada.”

Bisimwa aliniambia hivyo polepole, anatabasamu, mkono wake begani kwangu kama kaka.

Tulikuwa mlangoni mwa chuo kimoja cha udaktari, Lilongwe, mwaka 2001. Kisha akanifungulia mlango nipite kwanza...

Nyie mnaosoma hapa, msinihukumu haraka.

Mimi nilikuwa mkunga, Uvira, Kongo. Miaka kumi na miwili nazalisha. Vita vya 1998 vilipotukimbiza, diplome yangu, cheti cha ukunga, iliungua pamoja na nyumba. Nikafika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na binti yangu Merveille, ambaye moyo wake ulikuwa na tundu tangu azaliwe. Dosye yetu, faili la maombi ya kwenda kumtibu Canada, ilikuwa inasubiri jibu.

Bila karatasi, ukunga wangu haukuwa kitu. Lakini nilijua Kifaransa na Kiingereza.

Chuo kilipoanza kuandika upya masomo yake, kilimwalika “Docteur Bisimwa wa Bukavu”, mkimbizi mwenzetu, aeleze jinsi ya kutibu watu kusiko na umeme wala dawa za kutosha. Mimi nikawa mtafsiri wake.

Nilipomwona tu, nikamjua. Niliwahi kufanya mafunzo ya ukunga chuoni Bukavu. Bisimwa alikuwa karani wa maktaba pale! Ile diplome aliyoonyesha aliipata wapi, Mungu anajua.

Na yeye alijua kwamba nimemjua.

“Shemeji yangu njo anashika badosye yote,” alisema. “Neno moja tu, ya kwako inapotea. We uko na akili, mama Merveille.”

Nikanyamaza.

Mkutano wa kwanza, akaeleza namna ya kutibu mtoto anayeharisha. Kifaransa kizuri, maneno ya hatari. Nikamtazama Daktari Nyangulu, mama aliyeongoza kamati, kalamu tayari mkononi...

Nikatafsiri kitu kingine. Nikasema kilicho sahihi.

“Huyu mzee anajua kazi,” Daktari Nyangulu akasema, anaandika.

Wiki sita zikapita hivyo. Yeye anakosea, mi narekebisha. Nikajiambia, ukweli unafika kwenye karatasi, shida iko wapi?

Na niseme yote... nilifurahi. Maneno yangu yalikuwa yanaingia kwenye masomo ya madaktari, hata kama ni kwa jina lake.

Wiki ya saba, Merveille akazidiwa. Midomo ikawa ya bluu. Nikabaki naye kambini siku moja, Ijumaa. Minani, mwalimu kutoka Burundi, akaenda kutafsiri badala yangu.

Jumatatu asubuhi nikamuuliza, “Ilienda je?”

“Bien tu. Nilitafsiri neno kwa neno.”

Nikamshika mkono asiondoke.

“Alifundisha nini?”

“Habari ya kuzalisha.”

Nilipanda gari la kwanza la matola kwenda mjini. Mkutano ulipofunguliwa, nikamgeukia Bisimwa mbele ya wote.

“Docteur, ile sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, inatolewa wakati gani?”

“Mapema, mbele mtoto atoke. Kazi inaenda mbio.”

Wakunga mnaosoma, mnajua. Mtoto akiwa bado ndani, sindano ile inaweza kuupasua mfuko wa uzazi.

Bisimwa alinitazama, bado anatabasamu. Nikamwona Merveille mawazoni, na ile midomo yake.

Nikatafsiri. Neno kwa neno.

Kalamu ya Daktari Nyangulu ikasimama.

“Mama,” nikamwambia Daktari Nyangulu, “huyu si daktari. Wiki zote hizi nilikuwa namsahihishia.”

Alivua miwani.

“Ijumaa tulidhani ni Minani aliyekosea,” akasema. “Tukaifuta sehemu ile. Lakini karani wetu alikuwa ameshawapa nakala za mwanzo wanafunzi waliokuwa wanaondoka kwenda vituoni.”

“Wako wapi?”

“Wengine tutawapigia simu. Mmoja yuko kituo cha barabara ya Mponela, hakuna simu.”

Bisimwa akasema anaenda kunywa maji. Hakurudi.

Gari likatumwa. Lilimkuta mwanafunzi yule amekaa kwenye ngazi za kituo, ile karatasi mapajani. Mama aliyemzalisha kwa kuifuata, na mtoto, walikuwa wamekufa Jumapili.

Wiki ile ile nikaenda kuuliza dosye yetu, nikijua imepotea. Hapakuwa na shemeji yeyote. Dosye ilikuwa imeshakubaliwa tangu mwezi uliopita. Barua tu ndiyo ilikuwa haijanifikia.

Nilinyamaza kwa ajili ya kitu ambacho tayari kilikuwa changu...

Merveille alipasuliwa moyo Canada, akapona. Leo ni mama. Kabla hatujaondoka, chuo kiliniomba niandike upya somo la kuzalisha, nikaliandika kwa jina langu. Na nilikwenda kituo kile kuuliza jina la yule mama aliyekufa. Aliitwa Falesi.

Ndugu yangu, ukimsahihishia mwongo, uongo haujaondoka. Umemjengea heshima tu, ili siku wewe haupo, watu wamwamini.