Pua ya Dobi

Ndugu wananchi, mlioketi na mliosimama: mimi, mwenye akili timamu na vidato vitatu vya shule ya bweni, natoa taarifa rasmi kuhusu ugonjwa, kipimo na chanjo. Naomba utulivu.

"Profesa," mama aliita kutoka uani, "mwaga kwanza hayo maji ya sabuni."

Nikayamwaga. Hotuba hiyo niliitoa nikiwa juu ya beseni lililopinduliwa, na wasikilizaji wangu walikuwa mashuka kumi na mawili kwenye kamba.

Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ugonjwa, nami nikarudishwa nyumbani na sanduku langu. Baba yangu ni dobi. Mama hufua, baba hupiga pasi. Bibi, mama yake baba, hukaa mlangoni akishona vifungo vilivyokatika na kunywa chai tamu kiasi cha kusimamisha kijiko. Bibi ana pumu. Kifua chake kikikasirika, nyumba nzima hunyamaza.

Pua ya baba naitaja kwa heshima. Pasi ya mkaa haikuambii imepata moto kiasi gani. Baba hujua kwa kunusa. Hata akiwa anapiga soga na mteja, harufu ya nguo inayotaka kuungua humfikia mapema, naye huinua pasi bila kutazama. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuunguza hata leso.

Jumatatu moja aliunguza shati jeupe la bwana harusi. Moshi ulipanda. Mama alikuja mbio kutoka uani, na baba bado alikuwa anasukuma pasi, akinisimulia habari za mpira.

"Husikii harufu?" mama aliuliza.

"Harufu gani?"

Mama hakubishana. Alikata kitunguu, akamwekea chini ya pua. Baba akanusa kama mtu anayenusa maji.

Ndipo alipoitwa Dada Sindano, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Yeye hachomi mtu sindano. Kazi yake ni kugonga milango na kueleza, lakini jina likishanata halibanduki. Alisimama nje ya dirisha, barakoa usoni, akamwamkia bibi, kisha akamsikiliza baba. Baba alisema ni mafua tu, tena ana mashuka ya nyumba ya wageni ya kumaliza.

"Huenda ni mafua, kaka," Dada Sindano alisema. "Lakini pua ikipoteza harufu ghafla hivi, tunapima. Ukijua leo, unaanza kumlinda mama yako leo."

Baba alimtazama bibi pale mlangoni, uzi mdomoni. Akaweka pasi chini.

Kwenye kituo cha afya walimpitishia puani kijiti chenye pamba. Alitokwa machozi, akapiga chafya, ikaisha. Baada ya robo saa jibu lilitoka: anao ugonjwa. Sisi wengine tulipimwa pia, hatukuwa nao. Tuliambiwa tubaki nyumbani na tupimwe tena baada ya siku tano, nasi tukafanya hivyo. Baba alihamia chumba cha pasi kwa siku kumi, dirisha wazi, na sahani yake na kikombe chake. Tulivaa barakoa, tulinawa mikono. Wateja waliambiwa ukweli. Wengine walinuna, bwana harusi kuliko wote.

Kipimo cha pili kilituonyesha bado tu wazima. Lakini kulikuwa na suala la bibi. Gari la chanjo lingekuja Alhamisi ya wiki iliyofuata, kisha lisingerudi kwa mwezi mzima. Na bibi alikuwa hataki hata kulisikia, kwa sababu ya tangazo.

Tangazo hilo lilibandikwa penye bomba la maji, na lilikuwa na muhuri wa zambarau. Lilisema kila mzee atakayechanjwa atakatazwa sukari kwa miezi saba. Nani aliliandika? Taarifa hii inaomba swali hilo liahirishwe.

"Nimezika mume," bibi alisema. "Nimeng'olewa meno. Sukari hamninyang'anyi."

Dada Sindano alieleza, akarudia. Chanjo haihusiani na sukari. Inaufundisha mwili kuutambua ugonjwa mapema. Mtu aliyechanjwa anaweza bado kuambukizwa, lakini hatari ya kuzidiwa hupungua sana, na mzee mwenye kifua kibovu ndiye anayeihitaji zaidi. Mkono utauma, pengine homa kidogo, na kwa kawaida baada ya siku mbili yamekwisha.

"Wewe una mdomo tu," bibi alijibu. "Karatasi ina muhuri."

Jumanne kifua cha bibi kilikasirika kwa vumbi la kufagia tu. Nilimshikia dawa yake ya kuvuta, nikahesabu pumzi zake. Zilikuwa fupi, na kila moja ilifika kwa taabu. Hilo lilikuwa vumbi. Ugonjwa wenyewe je? Nikaapa kwamba bibi atachanjwa. Nilimsomea karatasi za kituo asubuhi na jioni. Nilimchorea picha. Nilimbembeleza, nikamnunia. Nilifanya kila kitu isipokuwa kimoja.

Alhamisi baba aliruhusiwa kutoka chumbani. Gari la chanjo lilisimama penye bomba, na hapakuwa na mzee hata mmoja. Dada Sindano akaja kwetu na lile tangazo mkononi, akampa baba alisome.

Baba hakulisoma. Alilinusa. Akalinusa tena, na uso wake ukachangamka, kisha ukakunjamana.

"Pua imerudi," alisema. "Na huu ni wino wangu wa kutilia alama nguo za wateja."

"Profesa," mama alisema, "lete kucha zako."

Zilikuwa za zambarau. Wino huo hautoki upesi, ndiyo maana baba huununua.

"Ni mimi, bibi," nilisema. "Muhuri niliuchonga kwenye kiazi. Nilitaka kucheka tu. Hakuna anayekukataza sukari."

Bibi aliweka chini kifungo alichokuwa akishona. "Juzi ulinishikia dawa ya kifua, ukanyamaza?"

"Niliogopa."

Alisimama, akanipa mkono. "Nipeleke mwenyewe. Na kila mlango tutakaopita, utasema."

Nilisema kwa fundi viatu. Nilisema kwa kinyozi. Mpaka saa sita wazee ishirini na watatu walikuwa wamechanjwa, na bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, taarifa rasmi ni hii, na haina muhuri: tangazo la bombani lilikuwa uongo, na mwongo ni mimi.