Safu ya Mwisho

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi siku Fundi alipokutana na Mfamasia. Kompyuta ya dirisha hilo ilikuwa imekatika kwenye mfumo wa hospitali tangu saa mbili asubuhi, na kila mwenye cheti mkononi alikuwa na neno la kusema, wala halikuwa zuri. Fundi akapenya katikati yao, koti lake la buluu limejaa nyaya mifukoni, kitambaa chekundu kimekaa upande kichwani. "Samahani jamani. Shikamoo mzee. Nipisheni." Akaingia moja kwa moja na kutambaa chini ya meza.

"Wageni huanza na hodi," sauti ikasema huko juu. "Wewe umeanza na miguu yangu."

"Miguu yako ndiyo iliyochomoa waya wangu."

Sauti ikashuka. "Dada yangu, usiwaambie hao wa nje. Wataninyonga."

"Nitawaambia mfumo ulikuwa na homa."

"Basi soda baridi saa saba. Dozi moja, kutwa mara moja, mpaka upone."

Fundi aliinuka na vumbi puani, akamwona: koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono, kijana mrefu anayenukia sabuni na kucheka kwa mabega. Soda ile ya kwanza ikazaa ya pili, na kufikia mwezi wa nne hospitali nzima, kuanzia walinzi hadi madaktari, ilikuwa inajua.

Sasa, tusimsingizie mtu. Fundi hakuanza kwa ubaya. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kile chumba cha baridi ghorofa ya tatu na kuangalia nani yumo kwenye mfumo, maana kompyuta za vyumba vyote zilitumia mfumo mmoja. Kwenye kioo chake ilikuwepo orodha: jina la mtu, mashine aliyoingilia, na safu ya mwisho iliyoonyesha ni muda gani umepita tangu kibodi iguswe. Ile safu ndiyo yenye maana. Watu huacha mashine wazi kama wanavyoacha taa za chooni, na Fundi mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake: "Jina si mtu. Soma mpaka mwisho."

Lakini penzi likiingia, akili hutoka. Asubuhi alikuwa anafungua orodha na kutafuta jina la Mfamasia kwanza. Akiliona, roho inatulia. Kisha akaanza kutazama saa tano. Kisha saa saba, saa nane, na saa nane na nusu.

"Leo umechelewa dakika sita," alikuwa akimwambia kwa simu.

"Ehe! Umejuaje, mpenzi?"

"Moyo wangu umeniambia."

"Moyo wako huo nao ni polisi!" Mfamasia anacheka, na Fundi anacheka naye. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema ukweli, na hakusema.

Alhamisi moja, saa kumi jioni, Fundi alikuwa chumba cha eksirei akimalizia mashine yake ya tisa siku hiyo. Alitaka kujua kama orodha ya dawa inaonekana kwenye kompyuta ya pale, akampigia Mfamasia ashuke aingie kwa jina lake. Mfamasia akaja, akaandika neno lake la siri, dawa zikaonekana. Dada wa eksirei, mwanamke wa kucha ndefu na vicheko virefu zaidi, akavuta pumzi. "Kumbe mfamasia wetu ananukia hivi! Ningejua ningeumwa kila siku."

Mfamasia akacheka. Kwa mabega, vilevile.

Fundi akakusanya bisibisi zake, akatoka bila kuaga. Mfamasia akamkimbilia kwenye ngazi. "Kesho sipo kazini, nampokea mama stendi. Jumamosi anataka kukuona. Vaa lile gauni la kijani, basi."

"Sawa," akajibu, kama aliyelazimishwa kumeza kidonge kikavu.

Ijumaa saa nne asubuhi akafungua orodha. Alijua hayupo, alifungua tu kwa mazoea. Jina likamkodolea macho: Mfamasia, mashine ya eksirei. Masikio yakamwaka moto. Hakusoma zaidi. Akachukua simu.

"Uko wapi?"

"Tumetoka stendi, tuko kwenye teksi, mpenzi. Mama amefi..."

"Mwongo! Siku hizi teksi zina mashine ya eksirei? Nakuona! Jina lako liko hapa mbele ya macho yangu, uko na yule wako wa kucha! Mama gani? Yaani mpaka mama yako mzazi unamtumia kufunikia uchafu wako? Huna haya?"

Upande wa pili honi ililia, mtu akakohoa. Kisha sauti ya mwanamke, taratibu kabisa:

"Binti yangu, shikamoo hujanipa, lakini nipo. Mwanangu mizigo imemjaa, mimi ndiye niliyeshika simu, na iko kwenye sauti kubwa. Hata dereva amesikia."

Fundi akakata simu. Lakini moyo wenye wivu haukubali kushindwa, akashuka ngazi mbilimbili hadi chumba cha eksirei. Dada wa eksirei alikuwa peke yake, anatafuna karanga. Kompyuta ile ilikuwa nyeusi. Fundi akagusa kipanya, jina la Mfamasia likatokea.

"Afadhali umerudi," yule dada akasema. "Iko hivyo tangu jana. Si ndipo ulipoondoka umenuna? Sikuigusa, nikajua hujamaliza kazi."

Fundi alipanda tena ghorofa ya tatu, na kila ngazi ilikuwa ndefu. Akasoma orodha mpaka mwisho. Safu ya mwisho: saa kumi na nane bila kuguswa. Yeye aliyewafundisha wenzake! Akalifunga lile jina kwa mkono wake, likatoweka kwenye orodha, akaenda kujifungia chooni na kulia mdomo umebanwa na kitambaa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni simu ikalia.

"Moyo ulikuambia, eh?" Mfamasia hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa afadhali.

"Nisamehe. Nilikuacha wazi mimi mwenyewe, jana, kwa wivu wangu. Kosa ni langu tupu."

"Hilo la mashine nimeelewa. Nauliza jingine. Tangu lini unaniangalia?"

"Tangu mwanzo."

"Mara ngapi kwa siku?"

Fundi alitaka kusema mbili. Uongo ulifika hadi ulimini. "Sijui. Siku moja nilihesabu, nikaacha kwenye ishirini."

"Mimi nafanya kazi nyuma ya nondo za dirisha. Kutwa nzima watu wananiangalia, wananihesabia dakika. Nilidhani nina mtu mmoja duniani asiyenihesabia. Usinitafute kwa sasa. Tafadhali."

Jumamosi gauni la kijani lilibaki kwenye msumari, limepigwa pasi, halina pa kwenda.

Jumatatu Fundi akaingia ofisi ya mkuu wa kitengo, akasimama kama mwanafunzi. "Bosi, nimetumia orodha ya mfumo kumfuatilia mtu. Naomba kazi hiyo apewe mwingine, mimi nibaki na nyaya."

Mkuu akavua miwani. "Unajua naweza kukuandikia barua ya onyo?"

"Najua. Niandikie."

Akaandikiwa. Akaisaini, wenzake wawili wakijifanya wanatazama dirishani. Kisha akampigia mama yake Mfamasia, namba aliyoipata kwa dada wa eksirei, ambaye kumbe ni wa kijiji kimoja na mama huyo, baada ya kumwomba radhi naye. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Aibu huwapata wenye haya. Asiye na haya hapigi simu ya pili. Lakini mwanangu ana hasira za babake, zinapoa polepole. Mwache."

Akamwacha. Wiki tatu hakujua Mfamasia ameingia saa ngapi wala ametoka na nani. Siku za kwanza vidole vilimwasha. Alipita njia ya nyuma, kwenye mapipa ya taka, ili asionekane dirishani kwa Mfamasia. Usiku alikuwa akikumbuka yale maneno ya kwenye teksi, neno kwa neno, anajifunika shuka usoni japo yuko peke yake.

Jumapili mchana, amevaa gauni la kudekia, mikono ina povu, simu ikalia.

"Niko wapi?" Ilikuwa sauti ile, ya mabega.

Fundi akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. "Sijui."

"Angalia basi."

"Siangalii tena. Hata uwezo huo sina, nimeurudisha."

"Nimesikia. Na barua nimeisikia. Hospitali haina siri. Nilikuwa naangalia ngazi, mpuuzi mimi, nione kama utapita. Wiki tatu! Kumbe unapita kwenye mapipa."

"Nani kakuambia?"

"Moyo wangu."

Fundi akacheka, machozi yakachanganyika na povu. "Uko wapi, jamani? Niambie mwenyewe."

"Hodi," sauti ikasema simuni, na papo hapo ikasikika mlangoni. "Kabla hujajibu chochote, simu iko kwenye sauti kubwa. Na sikuja peke yangu. Mama anasema ile Jumamosi bado anaidai."

Aibu ikampanda Fundi upya, kutoka kwenye visigino hadi masikioni. Alitazama povu, akatazama gauni la kudekia lililochanika kwapani, akatazama lile la kijani msumarini. Hakulivaa. Akafuta mikono kiunoni, akafungua mlango, akapiga goti mbele ya yule mama.

"Shikamoo, mama," akasema.