Mkono Uliomwachia Eilert

Siku ya tisa baada ya upasuaji, Torgunn aliamka kutoka usingizi wa mchana akakuta vidole vya mkono wake wa kulia vimelowa, tena vinanuka mwani uliooza.

Alivipangusa kimya kimya. Daktari alikuwa amemtoboa begani matundu matatu madogo, akapenyeza kamera kwenye moja, akaishona ndani kwa ndani nyama iliyochanika. Wiki sita mkono ukae kwenye kitambaa shingoni, usigeuzwe nje hata kidogo. Bega hilo lilichomoka mara ya kwanza mwaka juzi, ubavuni mwa mashua, akiwa amemshika mkono mdogo wake Eilert aliyeteleza majini. Likachomoka, akamwachia. Maiti haikuonekana. Mama yao, Borghild, hakuwahi kumlaumu kwa maneno. Alimpakulia tu samaki na viazi vilivyopoa, kila siku ya Mungu.

Kaskazini mwa Norwe, katikati ya majira ya baridi, jua halichomozi kabisa. Kila alasiri, gizani, Torgunn alisikia nyayo zenye maji zikipanda ngazi, harufu ya mwani ikitangulia, kisha kiganja baridi kikamshika kifundo cha mkono na kuuvuta nje, polepole, nje zaidi, mpaka nyuzi zikamchoma ndani ya nyama na yeye akauma mto asipige kelele.

"Mama, ni Eilert," alinong'ona. "Anafumua alichoshona daktari. Naogopa, mama."

Borghild aliinyanyua simu. "Basi tumpigie Isak."

Mzee Isak alikuwa msomaji, mganga atibuye kwa maneno ya siri. Hata manesi humpigia simu damu ya mgonjwa ikikataa kukoma. Husoma maneno yake huko huko aliko, wala hadai kitu.

"Namtoa, na harudi," sauti yake ilisikika simuni. "Ila unajua mwiko wetu, Bi Borghild. Usiniambie ahsante. Ukisema tu, kazi yote imeharibika."

Akasoma. Nyayo zikateremka, ngazi moja moja. Harufu ikakata. Torgunn akalia kwa faraja, kilio alichokibana miaka miwili.

Borghild akaisogeza simu mdomoni.

"Ahsante," akasema taratibu. "Ahsante sana, Isak."

"Mama! Umesahau?"

"Sijasahau."

Chini, mlango ulifunguka, maji yakasikika yakichuruzika sakafuni. Borghild akamfungua binti yake fundo la kitambaa shingoni, kwa upole ambao Torgunn alikwisha kuusahau.

"Nyoosha mkono, mwanangu. Daktari amelifunga bega imara. Safari hii hutamwachia."