Injini ya Conrad Mukasa

Nyumbani kwa rafiki yangu Conrad Mukasa, katika mtaa wa Hai Mauna, siku ile ya mwaka 2008 walikuwepo Mukasa mwenyewe, msaidizi wake Lokosang aliyemshikia tochi, na jirani yao Santina. Mukasa alikuwa akibadilisha kamshafti, chuma kinachofungua vali za injini, ya gari lake ili amfuate mkewe, Cissy, aliyelazwa hospitalini Nimule.

"Mukasa, hilo likifika Nimule, mimi nitakuwa nimeshafika mbinguni," Santina alimtania.

Ndani ya banda la gari mlikuwa na giza hata mchana. Kamshafti ya zamani ilikuwa juu ya gunia, mpya haijafungwa, injini ikaanza kunguruma polepole, kama inayomsubiri mtu apande.

"Mzee, nani nawasha?" Lokosang alinong'ona.

"Itawakaje bila kamshafti?"

Mlango wa abiria ukajifunga taratibu. Muungurumo ukakoma.

Simu ya Mukasa ikalia. Muuguzi alisema Cissy amefariki.