Nyumba Haiuzwe

Machi mwaka jana, mahakama mjini Bunia ilivunja ndoa ya Falone na Hubert. Nyumba ya Mudzipela, vyumba viwili na ukumbi, ikabaki kwa Falone na binti yake Arielle.

Hubert, seremala aliyepoteza kidole cha shahada kwenye msumeno, alihamia Ariwara. Hakusema kwamba alikuwa ameiweka nyumba hiyo rehani katika chama cha mikopo. Kabla ya Krismasi habari ikafika: homa ilimuua, akazikwa hukohuko.

Deni lilipojulikana, Falone alitaka kulipa yeye, nyumba isiuzwe. Kila mwezi alipanga foleni kwenye chama. Kila mwezi Nadège, karani wa dirishani, alimrudisha.

"Mama Arielle, mukopo iko na jina ya Hubert. Yeye mwenyewe akuje."

"Alishakufa, Nadège."

"Basi warithi yake bakubwa bakuje. Weye na yeye mulishaachana."

"Sasa nimutoshe mu kaburi, nimulete hapa?"

Nadège aligeuka kumtazama mkubwa wake, akashusha sauti. "Hata ukimutosha, mama, tutamupokea. Ni yeye alisaini."

Mwezi uliofuata walimwambia mnunuzi amepatikana.

Falone alifanya wanachofanya watu wa Bunia nyumba zao zinapotaka kuuzwa bila wao. Alinunua mkebe wa rangi ya buluu, akaandika kwenye ukuta wa barabarani: NYUMBA HAIUZWE. Rangi iliishia kwenye herufi ya mwisho. Akaketi kizingitini. Hata kulia kulikuwa kazi.

"Hubert," alisema. "Hii mambo ni yako. Kuja uimalize."

Ilikuwa mchana. Arielle alikuwa shuleni.

Chumbani, mtu alikohoa.

Kesho yake Nadège alipiga simu. Falone alipofika dirishani, alikuta karani amekasirika.

"Weye mama uko mubongo, unadanganya batu! Unazika mutu muzima? Hubert alikuwa hapa asubuhi. Amesaini, jina yako imeingia."

"Alisema nini?"

"Ati mumerudiana. Ati ameshahamia kwako."

Kwenye kioo cha dirisha palikuwa na alama ya kiganja. Ya buluu. Vidole vinne.

Nadège alipenyeza mkono dirishani, akaifuta kwa kitambaa upande wa wateja. Akaifuta tena. Kisha akapitisha kidole upande wake wa kioo, kikatoka na buluu. Alama ilikuwa upande wa ndani, upande ambao wateja hawafiki.

Falone alilipa. Akapewa risiti yenye jina lake. Hakupita nyumbani. Alimchukua Arielle shuleni, wakaenda kulala kwa dada yake, Claire. Mpaka leo wako huko. Kila mwezi analipa, na kila mwezi wanapokea.

Jumapili iliyopita Claire alikwenda Mudzipela kuchukua nguo za mtoto. Maandishi ya ukutani yalikuwa yamepakwa upya, rangi bado mbichi. Ufunguo ulizunguka vizuri kwenye kitasa.

Mlango haukufunguka. Ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani.