Picha Aliyoisoma Wifi

Nyundo iling'oa bawaba za mlango wa studio, mume wangu akaingia. Nyuma yake alikuwa dada yake mkubwa, wifi yangu, aliyeburutwa kuja kuwa shahidi wa ufuska wangu.

Mchoraji hakumaliza hata kusema "karibuni". Ngumi ilimlaza chini, damu puani.

"Simama, malaya!"

Alinikamata nywele, akanikokota hadi mbele ya picha. Mikono yake ya fundi wa kuchomelea vyuma haina utani. Rafiki yake alikuwa amemtumia ujumbe: "Bwana, mkeo anachorwa huku. Una habari?"

Picha ilionyesha chumba kilekile: mchoraji kasimama na brashi, mimi nimekaa kitini.

"Dada, ona kitanda pale pembeni! Ona vikombe viwili! Hapo panataka mkalimani?"

Wifi alivaa miwani. Akikubaliana na mdogo wake, jioni hainikuti hai.

"Mbona amevaa viatu?" akauliza.

"Viatu vinahusu nini?"

"Na mkoba kaupakata. Mtu aliyekuja kustarehe hupakata mkoba?" Akasogea zaidi. "Halafu hamwangalii mchoraji. Anaangalia mlango."

Hata mimi sikujua. Nilikubali kuchorwa ili nipate mchana mmoja bila kipigo, kumbe hata pale nilikaa tayari kukimbia.

"Ulikuwa unamwogopa nani, wifi?"

"Mdogo wako huyu."

Akamgeukia. "Mama yetu alikaa hivihivi miaka yote. Wewe ulidhani anamsubiri baba kwa hamu."

"Mama usimtie humu!"

Akainua nyundo aipasue picha. Wifi akakinga kwa mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Nyundo ikamponyoka, akapiga magoti analia.

"Dada, nisamehe! Mke wangu, usiniache, nakupenda!"

"Na mimi nilikupenda, bwana wee. Ndiyo maana nikachelewa kuondoka."

Tulikuwa hospitali, wifi akifungwa plasta, simu yangu ilipopokea ujumbe: "Rudi nyumbani tuyamalize."

"Nimjibuje, wifi?"

"Lete hapa."

Akaandika kwa mkono uliobaki mzima: "Ni mimi dada yako. Huyu si mkeo tena, ni mdogo wangu. Ukimfuata, utanizika mimi kwanza."

Akatuma, akaizima simu, akaniuliza kama nimekula.